Utumishi Wangu wa Kumbeba Moraa Hadi Kwenye Maziwa

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kutoka kwa Magokoro ataitia chumvi. Mimi, Makori, kijana niliyekwisha kutahiriwa, mwanafunzi wa darasa la sita wakati huo, nilimpikia babu chai kwa maziwa ya mama yangu. Sisemi maziwa ya ng'ombe wa mama. Nasema maziwa ya mama.

Ilikuwa hivi. Mama ni nesi katika kituo cha afya kilicho juu ya kilima, huku kwetu kwenye chai, pande za Nyacheki. Alipomzaa Moraa, msichana wa kwanza baada ya sisi wavulana watatu, alipewa likizo fupi kama mkia wa mbuzi. Likizo ilipokwisha alirudi kazini, na Moraa akaachwa nyumbani na Magokoro, yaani bibi yetu, mama yake baba. Baba alikuwa Kericho kwenye kiwanda cha chai, anakuja mwisho wa mwezi kutuuliza mbona tumekuwa warefu. Basi kila asubuhi Mama alikamua maziwa yake kwenye kikombe cha bati, akakifunika kwa kisahani, akakiweka kwenye beseni la maji baridi chini ya kabati. Magokoro alimnywesha mtoto kwa kijiko. Mpango mzuri sana. Ulikuwa na kasoro moja tu: hakuna aliyeona haja ya kunieleza mimi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya likizo ya shule. Magokoro alikuwa shambani anachuma mboga, Moraa mgongoni mwake. Babu akaingia, akaketi, akatazama ukuta.

"Nyumba hii haina chai siku hizi?"

Kwetu mtu akiketi bila kupewa chai hiyo ni kesi, hata kama mtu huyo anakaa hapo ng'ambo ya migomba na amekunywa chai yake dakika chache zilizopita. Ng'ombe wetu alikuwa amekauka. Nikatafuta, nikaona kikombe chini ya kabati. Nikamshukuru Mungu, nikamimina yote kwenye sufuria, nikatia majani na sukari, nikachemsha mpaka ikapanda. Babu akanywa, akafumba macho.

"Makori."

"Naam, Babu."

"Chai hii ni tamu. Ni ya ng'ombe gani?"

"Wetu, Babu."

"Si mlisema amekauka?"

"Amebadili nia, Babu."

Akaomba kikombe cha pili. Ndipo Magokoro akaingia, Moraa analia njaa, akainama chini ya kabati, akainuka na kisahani mkononi. "Maziwa ya mtoto yako wapi?"

"Maziwa gani?"

"Ya mama yako, wewe!"

Babu alikiweka kikombe mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Asiyejua desturi yetu atasema, maziwa ni maziwa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani hata mkono. Mmoja akipita njia hii, mwingine anapita ile. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na haina kifungu kinachomruhusu mzee kunywa vikombe viwili na kusifu utamu. Babu alitoka bila kuaga. Yeye ni mzee wa kanisa, haamini mambo ya kutakasana ya zamani, lakini Jumapili iliyofuata mbuzi alichinjwa, na tukaambiwa ni kwa ajili ya mboga tu. Amri yenyewe ilitoka siku ile ile ya chai: katika boma lake, maziwa ya mwanamke yasitiwe tena katika chombo chochote, kiwe kikombe, kiwe chupa, kiwe kibuyu.

Mama aliporudi jioni akasimuliwa yote. Hakunipiga. Alinitazama tu kama anavyotazama kidonda kabla ya kukisafisha.

"Kikombe umemnywesha babu yako," akasema. "Basi shule ikifunguliwa Jumatatu, kikombe ni wewe."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nawaandikia nyinyi, Onchari na Ombui, wadogo zangu, kwa sababu mimi nimestaafu. Moraa sasa anatembea mwenyewe na anaiba ndizi zake mwenyewe. Lakini Mama siku hizi anavaa gauni pana, na mimi si mjinga. Mmoja wenu ataitwa kazini hivi karibuni. Vyeo sitavizungumzia, sikupata. Mshahara pia sitauzungumzia, kwa sababu hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Shule yetu iko chini kidogo ya kituo cha afya, na nyumbani ni ng'ambo ya kijito. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzangu wanakwenda mpirani, mimi nateremka mbio, navuka kijito, namchukua mtoto kwa Magokoro, napanda naye kilima hadi kwa Mama, ananyonya, namrudisha, kisha napanda tena darasani kupigwa kwa kuchelewa. Saa ya chakula narudia. Magokoro mwenyewe asingeweza. Goti lake lilikuwa limevimba, na kilima kile kinamshinda hata mbuzi mwenye nia njema.

Nilimwambia Mama kwamba mtoto anaweza kunywa uji wa wimbi mchana na kunyonya usiku. Nilijiona nimetoa wazo la kitaalamu.

"Maziwa huitwa na mtoto," akasema Mama. "Asipoyaita mchana, kwa muda mfupi tu hata ya usiku hayatakuja. Ana miezi mitatu, Makori. Unataka nimwachishe sasa?"

Sikutaka. Nilitaka mpira. Lakini hilo si jibu la kumpa mtu aliyevaa sare nyeupe.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ya kutahiriwa, maana ile watu walinishangilia. Mvulana akishatahiriwa kwetu anaitwa omomura, mwanamume. Analala nyumba yake, hakai jikoni, na kubeba watoto mgongoni amewaachia wasichana na vijana ambao hawajatahiriwa. Mimi nikapita mbele ya uwanja wa shule na leso ya maua, na miguu miwili midogo imetokeza kwenye mbavu zangu. Mpira ulisimama. Mlinda lango alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Mama Moraa! Umeamkaje, Mama Moraa?"

"Mama Moraa, utatuchemshia na sisi chai?"

Kumbe habari ya chai ilikuwa imevuka kijito kabla yangu.

Leso nilikuwa nimeifunga kama ninavyofunga mzigo wa kuni. Kabla hata ya kufika uwanjani, pale kijitoni, Moraa alikuwa ameteleza mpaka kiunoni, anatazama maji kwa hamu. Aliyetuokoa ni Kerubo, msichana wa jirani, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye mtoto wa dada yake mgongoni. Yeye alikuwa omoreri, yaani mlezi wa mtoto, tangu meno yake ya mbele hayajang'oka. Huyu ndiye mwalimu wangu katika kazi hii, na sijawahi kuwa na mwalimu mkali kama yeye.

"Inama," akaniamuru.

"Siwezi kuinamishwa na mtoto."

"Basi mwache aanguke."

Nikainama. Akamsukuma Moraa juu, akavuta leso chini ya makalio yake, akapitisha ncha moja juu ya bega langu na nyingine chini ya kwapa, akafunga fundo kifuani na kulivuta mpaka nikakohoa.

"Ukiweza kupumua vizuri, hujafunga," akasema. "Akilia, usisimame. Tembea ukirukaruka. Akinyamaza ghafla, simama umwangalie. Na ukiona watu wazima wanamsifu, mfunike kichwa, upite. Jicho baya halina adabu."

Nilimuuliza afanyeje mtu akikojolewa.

"Anakojolewa," akasema Kerubo, akaenda zake.

Vifaa vya kazi, kwa wale watakaorithi: leso mbili, moja ya kubebea na moja ya kujikaushia. Jani la mgomba kwa ajili ya mvua, lile changa lisilopasuka. Mwavuli wa babu usiguswe, mimi na babu hatujapatana kiasi hicho. Kaptula ya pili, ifichwe shuleni nyuma ya choo. Na wimbo mmoja. Msijisumbue na nyimbo nyingi, mtoto hatazami ubunifu.

Sasa upande wa pili, mahali pa kazi penyewe. Nyuma ya kituo cha afya kulikuwa na rundo la kuni za kuchemshia vyombo. Nilifika pale, nikapiga mluzi, Mama akatoka kwa mlango wa nyuma akijifuta mikono. Alimchukua Moraa, akaketi juu ya kuni, na mimi nikageuka kutazama ua wa miti. Nawakumbusha hilo pia: omomura hatazami mama yake akinyonyesha. Geuka, hesabu majani. Ule ua ninaujua kuliko ninavyoijua jiografia ya Kenya. Tuliongea nikiwa nimempa mgongo.

"Umekula, Makori?"

"Nitakula."

"Hesabu umepata ngapi?"

"Mama, mtoto ananyonya, usimsumbue kwa mambo ya huzuni."

Nilimsikia akicheka. Kisha naye Moraa akameza kwa kishindo, kama mzee anayemaliza togwa. Sitasema nilifurahia kazi. Nasema tu kwamba pale kwenye kuni palikuwa na utulivu ambao darasani kwetu haukuwepo.

Utulivu huo ulimfikia mkubwa wa kituo. Sote tulimwita Daktari. Hakuwa daktari, lakini hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwambia. Alikuwa mtu msafi sana, viatu vyake viling'aa hata wakati wa matope, jambo ambalo mimi bado nalichukulia kama uchawi. Siku moja akatokea kwenye kona, akatukuta.

"Sista, hiki ni nini?"

"Ni mtoto wangu, Daktari."

"Naona. Anafanya nini hapa? Hiki ni kituo cha afya, si mahali pa watoto."

Ndani, wakati huo huo, watoto wapatao thelathini walikuwa wanalia kwenye mizani. Ukutani juu yao palikuwa na picha kubwa ya mama anayenyonyesha, ana tabasamu la mtu asiye na mkubwa kazini. Na kila siku ya kliniki Daktari mwenyewe alisimama chini ya picha hiyo kuwaeleza akina mama kwamba hakuna kitu duniani kinachoshinda maziwa ya mama. Nilitaka kumuuliza kama mama huyo wa pichani ana ruhusa ya maandishi. Mama akanisoma mgongo, akasema, "Makori, nyamaza," na mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Daktari hakufoka. Alimwita Mama ofisini Ijumaa, akampa kopo la maziwa ya unga. Lilikuwa kopo zuri, lina picha ya mtoto mnene mweupe. Watu wa kuuza walikuwa wamemwachia bure. Akamwambia kuanzia Jumatatu hataki kuona mtoto wa mfanyakazi nyuma ya kituo. Ama Moraa anywe kopo, ama Mama akae nyumbani amnyonyeshe mpaka achoke, na nafasi yake wapo wengi wanaoitaka.

Jioni ile kopo liliketi mezani kama mgeni. Magokoro alilipenda. Alisema litafaa sana kwa kuweka chumvi.

"Kwani yana ubaya gani?" nikauliza. "Huyu mtoto wa pichani ananizidi mimi unene."

"Yeye hachotewi maji kwenye kijito chetu," akasema Mama. "Kopo hili litakwisha, Makori. La pili litanunuliwa. Mtu akiona linakwisha haraka anazidisha maji. Mimi ndiye ninayewapokea hao watoto, wanaletwa macho yameingia ndani. Wengine siwarudishi kwa mama zao." Akalisogeza kopo pembeni. "Na kazi siwezi kuiacha. Ada yako ya sekondari baba yako peke yake haimudu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mama hana la kufanya. Alikaa na Moraa kifuani mpaka taa ikaanza kuvuta moshi. Nikaenda kulala nyumba yangu ya omomura, na usingizi ukanikataa bila adabu.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Mama aliondoka bila kusema nimlete mtoto wala nisimlete. Kopo lilibaki mezani, halijafunguliwa, na Magokoro aliketi akilitazama kama linaweza kumuuma. Kengele ilipolia niliteremka kama kawaida. Miguu haikuwa imeambiwa habari za Daktari. Moraa alikuwa analia tangu asubuhi, uji wa wimbi ameutema kwenye blauzi ya Magokoro. Nikafunga fundo la Kerubo. Magokoro akachomeka kadi ya kliniki ya mtoto kwenye leso, kama afanyavyo kila mtoto akitoka siku ya kliniki, akamfunika Moraa kichwa, akasema, "Nenda basi, utajua mbele."

Mbele nilimkuta mlinzi kwenye lango la nyuma. Mtu mzuri, lakini alikuwa na watoto wake pia na alipenda kazi yake.

"Makori, huku kumefungwa."

"Na mbele?"

"Mbele ni kwa wagonjwa na kliniki."

Moraa akapiga ukelele sikioni mwangu. Nikashika kadi kwenye leso. Mtoto si ana kadi? Nikazunguka jengo.

Ndani ya mlango wa mbele palikuwa na mabenchi mawili yamejaa akina mama, kila mmoja na mtoto wake. Nikaketi mwisho wa benchi, kaptula ya shule, leso ya maua, ndevu bado zinajadiliana kama zitoke. Mwanamke wa pembeni yangu akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe mtoto umemzaa lini?"

"Nimeazimwa, mama."

Benchi zima likacheka. Nikasogea kila waliposogea. Mbele yetu nilimwona Mama kwenye mizani, na Daktari chini ya picha yake, anahubiri. Alikuwa amefika pale ninapopajua kwa kichwa, pa kunyonyesha mtoto kila anapotaka, asubuhi, mchana, jioni. Zamu yetu ikafika. Mama akainua macho akaniona. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akachukua kalamu.

"Jina la mtoto?"

"Moraa."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Ana shughuli nyingi, Sista. Ni vigumu kumpata siku hizi."

Nyuma yangu mtu alikohoa ili asicheke. Mama akamtundika Moraa kwenye mizani, akasoma, akaandika. Alikuwa ameongezeka vizuri. Lakini Moraa alikuwa amesikia sauti ya Mama na kunusa harufu yake, na hakuelewa kwa nini ananing'inizwa kama nyama badala ya kunyonyeshwa. Akalia kilio ambacho sijakisikia tena. Na sare nyeupe ya Mama ikaanza kulowa kifuani, madoa mawili, yakapanuka mbele ya watu wote.

Akina mama wakayaona yale madoa, wakamtazama mtoto, wakamtazama Mama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Sista," akasema yule mwanamke wa pembeni yangu, "huyo ni wako."

Mama akainamia kadi.

"Si mtoto analia? Mnyonyeshe. Sisi tutangoja."

"Tutangoja," wakasema wengine.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akamgeukia Daktari, kwa heshima zote. "Daktari, si umesema sasa hivi kila anapotaka? Au huyu hatakuwa amesikia vizuri, tumrudishie somo?"

Daktari alifungua mdomo. Akatazama mabenchi mawili ya wanawake ambao kila siku ya kliniki huwa anawalaumu kwa kutomsikiliza, na leo wamemsikiliza wote. Akaufunga. Mama akamtoa Moraa kwenye mizani, akaketi kwenye benchi, chini ya picha, akafungua vifungo.

Mimi nikageuka haraka. Nikakuta kila mwanamke kwenye benchi la nyuma anamnyonyesha wake, maana walikuwa wamengoja sana. Nikageukia ukutani, na ukutani kulikuwa na ile picha. Wadogo zangu, hakuna mahali katika kituo kile ambapo omomura angeweza kutazama kwa heshima. Nikafumba macho, nikasimama hivyo, nikasikia Moraa akimeza, mpaka akamaliza.

Daktari alikwenda ofisini, akafunga mlango. Hakumfukuza mtu. Kabla ya jioni alipeleka neno kupitia kwa mlinzi: yule kijana akija apite mbele, aje na kadi, na asiongee. La mwisho hilo hatukulitekeleza kikamilifu. Tangu siku ile Moraa alinyonya kwenye benchi la kliniki kila siku ya kazi mpaka alipoanza kusimama na kukataa mwenyewe. Kopo Magokoro alilimwaga, likatiwa chumvi, na mwalimu wangu wa hesabu hakuwahi kukubali kwamba kumbeba mtoto ni sababu ya kuchelewa.

Lakini jioni ya Jumatatu ile Mama aliteremka kilima na Moraa kifuani, maana siku ile sikumrudisha nyumbani, na mimi nikambebea mkoba wake. Nilijua nastahili pongezi, nikatembea polepole ili apate muda wa kuzipanga. Tulivuka kijito, akamfunika Moraa kichwa. Tulipita migombani, akamhamishia bega la pili. Mlangoni alisimama, akanishika mkono wa juu, akaubonyeza kwa vidole kama anavyowabonyeza watoto wa kliniki kuona kama wanakula, na ndipo akasema: "Huyu ameongezeka, wewe umekonda. Kuna ugali wa wimbi na mboga ndani ya chungu, kula mpaka ushibe. Mambo ya kumjibu nesi jeuri tutayazungumza ukishashiba."